UZI: Michael Chekhov, mwigizaji na mwongozaji aliyeondoka Moscow akiwa kileleni

PaziaJekundu

Wakuu, ule uzi wa Stanislavsky, mwongozaji Mrusi, umeshatekwa na mjadala wa Michael Chekhov, basi nimemfungulia wake. Humu tuweke kazi tu: alicheza nini, aliongoza nini, aliondokaje, na mbinu zake zinafanywaje mazoezini. Naanza na Moscow, wengine mtaendelea.

Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1891, akasoma shule ya maigizo ya ukumbi wa Suvorin mjini humo, na 1912 akahamia Moscow Art Theatre baada ya Stanislavsky mwenyewe kumsikiliza. Mwaka huohuo ikaanzishwa Studio ya Kwanza, Stanislavsky akisaidiwa na Sulerzhitsky, ili ule mfumo wake mpya wa uigizaji ujaribiwe mbali na ukumbi mkubwa. Mle hapakuwa na jukwaa la kuinuka. Mtazamaji wa mstari wa mbele alikuwa karibu kumgusa mwigizaji, na uongo mdogo tu wa uso ulionekana. Kwa mtu mwenye umbo dogo na sauti isiyo na nguvu, chumba kile kilikuwa bahati.

Mwaka 1914, akiwa na miaka 23, alimcheza Caleb, mzee mtengeneza vitu vya kuchezea watoto katika hadithi ya Dickens, na watu wakaanza kumtaja. Mwaka 1918 aliporomoka: pombe, hofu zisizoisha, ndoa yake na Olga ikavunjika, akaacha jukwaa. Alichofanya kujinyanyua ni kufungua studio ndogo nyumbani kwake na kufundisha. Miaka hiyohiyo akaingia katika mafundisho ya kiroho ya mwanafalsafa Rudolf Steiner, jambo litakalomgharimu baadaye.

Halafu unakuja mwaka 1921, ambao kwangu ndio wa kumpimia. Ndani ya mwaka mmoja alicheza Erik XIV ya Strindberg chini ya Vakhtangov, mfalme aliyekonda kwa woga, na Khlestakov katika Inspekta wa Gogol chini ya Stanislavsky, kijana mwongo mwepesi kama unyoya. Mwongozaji tofauti, mtindo tofauti, na watu waliotazama zote mbili walipata shida kuamini ni mtu mmoja.

Vakhtangov alifariki 1922. Chekhov akapewa uongozi wa Studio, na 1924 ikageuzwa kuwa Moscow Art Theatre ya Pili. Hamlet yake ilitoka mwaka huo. Mwaka uliofuata akamcheza seneta Ableukhov katika kazi ya Andrei Bely. Kufikia 1927 mambo yalikuwa mabaya: kundi la waigizaji likiongozwa na Aleksei Diky liliasi na kuondoka, na magazeti yakamshutumu kwa kuingiza mafumbo ya kiroho jukwaani, shutuma ambayo katika Urusi ya wakati ule haikuwa ya kuchezea. Mwaka 1928 alitoka na mkewe Xenia kwa ruhusa, kama mtu anayekwenda mapumziko. Hakurudi tena.

Hoja yangu, na mko huru kuibomoa: mbinu yake ni mbinu ya mhamiaji. Aliyenyang'anywa lugha alilazimika kuuhamishia uigizaji kwenye mwili.

mchekeshaji_kimya

Samahani kwa swali dogo. Huyu ni mtoto wa Anton Chekhov?

PaziaJekundu

Hapana. Anton ni baba yake mdogo. Baba yake ni Aleksandr, kaka mkubwa wa Anton. Anton alifariki 1904, Michael akiwa na miaka 12, kwa hiyo hakumfundisha chochote cha jukwaa.

Tarumbeta

Naendelea na safari, maana watu huiruka hadi Hollywood.

Kituo cha kwanza ni Berlin, kwa Max Reinhardt. Alikwenda na ndoto ya kumcheza Hamlet. Alichopata ni Skid, mchekeshaji wa sarakasi, katika mchezo uliofanyika Vienna 1929, na kwa Kijerumani, lugha ambayo ilibidi aifanyie kazi neno kwa neno. Kuna jambo lilimtokea humo ambalo amelieleza mwenyewe katika kumbukumbu zake. Akiwa katikati ya maneno marefu ya Skid, amechoka, ghafla alianza kumwona Skid kama aliyekaa mbele yake, akamsikia sauti, akajua Skid anaumia wapi, na yeye mwenyewe ametulia tuli. Mwili unacheza, msanii anatazama. Toka hapo alishikilia kwamba mwigizaji ana fahamu mbili kwa wakati mmoja: mhusika analia, msanii halii.

Berlin hiyohiyo aliwaongoza Habima, kundi lililocheza kwa Kiebrania, katika Twelfth Night mwaka 1930. Ukihesabu, hadi hapo ameshafanya kazi ndani ya Kirusi, Kijerumani na Kiebrania.

Kisha Paris. Pale akishirikiana na Georgette Boner alitoa mchezo wa ngano, The Castle Awakens, mwaka 1931, uliojengwa zaidi kwa mwendo na maneno machache sana. Ulianguka na pesa zikaenda.

Kuanzia 1932 hadi 1934 alikuwa Latvia na Lithuania, akizunguka kati ya Riga na Kaunas. Huo nadhani ndio wakati aliozalisha zaidi tangu atoke Moscow: Erik XIV, Hamlet, Twelfth Night, Inspekta wa Gogol. Riga alikuwa anacheza kwa Kirusi huku wenzake jukwaani wakimjibu kwa Kilatvia. Hebu fikirieni kazi ya kupokezana pale. Huwezi kungoja neno la mwisho la mwenzako kama ishara ya kuingia; unangoja pumzi yake, uzito wake unapohama mguu, mkono unaposhuka. Mwaka 1934, akiwa anaandaa Parsifal Riga, moyo ukamsumbua vibaya, na Mei ya mwaka huo waziri mkuu wa Latvia, Ulmanis, akapindua utawala na kujitwalia mamlaka yote. Mgeni wa Kirusi hakuwa tena na nafasi.

Bi_Mswada

PaziaJekundu, hoja yako ni tamu lakini tarehe zinaikataa. Mwili ulikuwa umeshaingia kwenye mbinu yake akiwa bado Moscow, akiwa na Kirusi chake kizima mdomoni.

Ushahidi wa kwanza ni Erik. Chekhov anasimulia jinsi Vakhtangov alivyomweleza mfalme yule: mtu aliyefungiwa ndani ya duara. Anataka kutoka, anarusha mikono nje ya duara kwa tumaini, haikuti kitu, inaanguka na kuning'inia. Basi. Nafsi nzima ya mhusika ndani ya tendo moja la mwili. Hiyo ni 1921, miaka saba kabla ya kuhama, na ndiyo ishara ya kisaikolojia kabla haijapewa jina.

Wa pili ni mazoezi ya Hamlet. Waigizaji walirushiana mipira huku wakisema maneno yao, ili kila sentensi iwe na mwanzo, mruko na mahali pa kutua. Hao ni Warusi kwa Warusi. Hakuna aliyekosa lugha.

Kwa hiyo uhamiaji haukumpa mbinu. Ulimlazimisha kuiandika na kuitenganisha na tamthilia fulani, ili iweze kubebwa kama mzigo. Hilo ni jambo jingine.

PaziaJekundu

Bi_Mswada, mpira umenigonga. Nakubali kuhusu Erik. Ila angalia tofauti: Moscow ishara ilikuwa zawadi ya mwongozaji kwa mwigizaji mmoja kwa nafasi moja. Dartington, shule yake ya baadaye huko Uingereza, ikawa zana ambayo mwanafunzi yeyote anaitengeneza mwenyewe. Hapo katikati ndipo ilipo miaka minane ya kuhamahama.

Bi_Mswada

Hapo sina ugomvi.

fundi_taa

Mnaitaja ishara ya kisaikolojia kama kila mtu anaijua. Wekeni namna inavyofanywa, hatua kwa hatua. Nimeona watu wakiifanya ikageuka ngoma ya ajabu.

Kitovu

Naweka mimi, na kila hatua naeleza inapoharibika.

Soma tamthilia nzima kwanza, halafu jiulize swali moja: mhusika huyu kwa jumla anataka kufanya nini? Jibu liwe kitenzi. Kunyakua. Kusukuma mbali. Kukumbatia. Kurarua. Kujipenyeza. Kuinua. Ukijibu kwa sifa, "ana huzuni" au "ni mkali", umeshapotea, kwa sababu hakuna mwili unaoweza kufanya sifa. Utaishia kukunja uso.

Anza na mkono mmoja tu. Kama kitenzi ni kunyakua, unyooshe, ukunje vidole, vuta kuelekea kwako. Uliza: kiganja kinatazama chini au juu? Kinavuta kuelekea tumbo au kifua? Haraka au polepole? Kila badiliko linaleta mtu mwingine. Kiganja kikitazama chini, kikavuta polepole hadi tumboni, unapata bahili. Kikitazama juu na kuvuta kwa mshtuko hadi kifuani, unapata mtu mwenye njaa ya kupendwa. Usiende mbele hadi mkono huo ukuridhishe.

Sasa mwili mzima. Miguu ichukue nafasi, goti lipinde, mgongo uingie, kichwa kifuate. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mikono inacheza, kuanzia kiuno kwenda chini hakuna mtu. Ishara ya mikono pekee hubaki kuwa ishara ya mitaani, kama kupungia basi, na haigusi utashi. Chekhov alitaka iwe ya asili kabisa, kubwa kuliko maisha, rahisi, yenye umbo linaloeleweka, na yenye nguvu.

Neno nguvu huleta balaa. Watu hukaza misuli hadi mishipa ya shingo inatoka. Nguvu anayoitaka ni ya nia, si ya nyama. Kipimo chepesi: ukiwa katikati ya ishara sema sentensi ndefu. Sauti ikibanwa, umekaza. Legeza koo, mabega na taya, nia ibaki palepale.

Ishara ina sehemu tatu. Maandalizi, yaani mwendo mdogo wa kinyume kabla ya kuanza, kama mtu anayerudi nyuma kabla ya kuruka. Tendo lenyewe. Halafu kudumisha: mwili umefika mwisho, hauendi tena, lakini unaendelea kutoa miale, yaani kutuma nia nje, upande uleule kwa sekunde nne au tano. Sehemu ya tatu huachwa karibu kila mara. Mtu akishafika, anaangusha mikono kama aliyetua mzigo, na kile kilichoanza kuamka ndani kinazimika.

Irudie mara tatu, nne, hadi usikie kitu kimeinuka ndani bila kukiita. Kisha iseme sentensi moja ya mhusika ukiwa unaifanya. Kisha ipunguze iwe nusu. Kisha robo. Mwisho simama wima, mikono chini, ifanye ndani tu, na useme sentensi ileile. Mwenzako akisikia tofauti kati ya sentensi hiyo na ile uliyosema kabla ya zoezi, umeipata.

Na hii kwa herufi kubwa: MTAZAMAJI HAIONI. Ni siri ya mwigizaji. Ukiipeleka jukwaani kama ilivyo umeharibu kazi.

fundi_taa

Asante sana mkuu. Hilo la mwisho linaeleza zile ngoma.

Swali la nyongeza: kama sentensi ni "toka humu ndani", kunyoosha kidole mlangoni si ndiyo ishara yake?

Kitovu

Hapana, huko ni kuchora maneno. Neno linasema "toka", lakini nia inaweza kuwa kinyume: anayesema anataka aombwe radhi, ishara yake ni kuvuta. Ukisema "toka humu ndani" huku ndani unavuta, sentensi inapata uhai kwa sababu vinagongana. Ukisema na kunyoosha kidole, umesema jambo moja mara mbili.

Tarumbeta

Na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la Paris 1931. Alichukua kitu cha jikoni akakipakua mezani. Mwendo ambao ungekaa chini ya maneno ukawekwa juu, maneno yakatolewa. Isitoshe, watazamaji wake wengi walikuwa Warusi waliohama kama yeye, watu walioikosa Moscow yao. Waliitaka lugha, yeye akawapa ukimya.

mchekeshaji_kimya

Kwani tofauti yake na Stanislavsky ni ishara tu?

Bi_Mswada

Tofauti kubwa ni hisia zinatoka wapi. Stanislavsky wa miaka ile alitumia kumbukumbu ya hisia: tafuta jambo lililokupata wewe, lifufue, lipeleke kwenye nafasi. Chekhov alikataa. Alisema ukifanya hivyo kila mhusika anakuwa mdogo kama wewe. Inasimuliwa kwamba aliwahi kufanya zoezi la mazishi ya baba yake kwa uchungu hadi Stanislavsky akamkumbatia, kisha ikagundulika mzee yu hai. Iwe kweli yote au nusu, inaonyesha mzozo wenyewe: taswira ilimfanyia kazi ambayo kumbukumbu ilitakiwa ifanye.

Njia yake ni hii. Huwezi kuamrisha hisia. Sema "huzunika!" uone kama utahuzunika. Lakini mkono unaamrishika. Inua mkono, jambo jepesi. Sasa uinue kwa tahadhari. Hiyo tahadhari si hisia, ni sifa ya mwendo, na iko chini ya amri yako. Endelea dakika moja, na hisia huja yenyewe, bila kufukuzwa.

Ndiyo maana mazoezi ya msingi ni ya sifa za mwendo, nne: kufinyanga, ambapo hewa ni kama udongo na kila mwendo unaacha umbo, kuelea, hewa ni maji yanayokubeba, kupaa, mwili hauna uzito na mwendo hauishi unapoishia, na kutoa miale, unatuma kitu nje kupitia kifua, mikono, macho, kabla na baada ya mwendo. Wanaoanza waanze na kufinyanga. Wakianza na miale wanatoa macho tu.

Kitovu

Niongeze kitovu, maana ndiyo sababu ya jina langu humu.

Mtu aliyesawazika, kwa Chekhov, ana kitovu cha kufikirika katikati ya kifua, na kila mwendo unatoka pale. Kihamishe na mtu mzima anabadilika. Kiweke ncha ya pua, utapata mdadisi. Kiweke tumboni, kizito, utapata mtu wa kula na kulala. Kinaweza kuwa nje ya mwili, kinaweza kuwa kigumu, cha moto, chenye ncha, kinachozungukazunguka. Kosa la kawaida ni kuanza kutembea "kama mdadisi" na kusahau pua. Usiigize matokeo. Weka kitovu, tembea chumbani dakika tano ukifanya kazi za kawaida, beba kiti, funga dirisha, na uache mwili ujue wenyewe.

Kuna pia mwili wa kufikirika. Unavaa mwili wa mhusika juu ya wako kama unavyovaa maleba: mrefu kuliko wewe, mabega membamba. Shingo yako haiwezi kurefuka, lakini ukiitii ile ndefu ya kufikirika, kichwa kinakaa kwa namna nyingine.

PaziaJekundu

Turudi kwenye safari. Mwaka 1935 alifika New York na kundi la Warusi waliohama, akicheza kwa Kirusi, chini ya wakala Sol Hurok. Watu wawili waliomwona ni Beatrice Straight na Deirdre Hurst. Beatrice alikuwa mtoto wa Dorothy Elmhirst, ambaye na mumewe Leonard walikuwa wameinunua Dartington Hall, Devon, Uingereza, 1925 na kuigeuza kituo cha elimu, kilimo na sanaa. Wakamwita aanzishe shule.

Studio ya Dartington ilifunguliwa 1936. Mpango ulikuwa wa miaka mitatu, na mwishoni wahitimu wawe kundi la kuzunguka. Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, na hapo narudi kwenye hoja yangu hata kama Bi_Mswada amenipunguzia: somo refu la nadharia hakuliweza. Alisema sentensi fupi, akaonyesha, wakafanya. Deirdre alikaa pembeni na kuandika karibu kila neno kwa hati mkato, na ndiyo sababu leo tunajua masomo yale kwa undani.

Vita ilipokaribia Ulaya, shule ilihamishiwa Ridgefield, Connecticut, Marekani. Oktoba 1939 wakaonyesha The Possessed, iliyotokana na Dostoevsky, kwenye Broadway. Wakosoaji hawakuipokea vizuri na haikukaa. Baada ya hapo wakaingia barabarani na Shakespeare na ile hadithi ya Dickens, wakizunguka miji na vyuo. Vijana walifanya kila kitu. Yul Brynner, kabla hajawa Yul Brynner, alikuwa mwigizaji na dereva wa lori la vifaa.

fundi_taa

Hapo nina la kusema kwa upande wa ufundi. Kundi la kuzunguka lina adui mmoja: kumbi hazifanani. Leo jukwaa pana, kesho jukwaa la shule lisilo na nafasi pembeni. Ukiwa na mandhari inayotegemea vipimo, kila usiku unakata na kupigilia. Mbinu inayojenga mahali kwa atmosfera badala ya mbao inabebeka. Ndiyo faida ya vitendo ambayo wanaoandika kuhusu falsafa yake hawaisemi.

Bi_Mswada

Kweli. Na atmosfera ina zoezi lake. Kundi linakaa kimya, linafikiria hewa ya chumba imejaa kitu: hofu, sherehe, ukungu wa asubuhi, utulivu wa hospitali usiku. Si ndani yako, ni hewani. Usijaribu kuhisi chochote. Kisha nyoosha mkono ndani ya hewa ile, ukiafikiana nayo. Kisha simama. Kisha sema neno moja. Akitokea mmoja anayesukuma hisia zake, atmosfera inavunjika na wote wanajua.

Kanuni yake moja ni ya kukumbuka kwa waongozaji: atmosfera mbili zinazopingana haziwezi kukaa mahali pamoja, moja itaishinda nyingine. Lakini mtu mmoja anaweza kubeba hisia inayopingana na atmosfera ya mahali. Mcheshi anaingia kwenye msiba. Hapo tukio linapata moto.

Tarumbeta

Ridgefield ilikufa kwa sababu rahisi. Desemba 1941 Marekani iliingia vitani, vijana wa kiume wakaitwa jeshini, na 1942 kundi likavunjika. Mwalimu akabaki bila wanafunzi kwa mara nyingine. Mwaka 1943 akaenda Hollywood.

Kule walimpa kila wanachompa mtu mwenye lafudhi: maprofesa, wazee wa Ulaya, baba wa bibi harusi. Katika filamu ya Hitchcock, Spellbound ya 1945, alimcheza daktari Brulov, mwalimu mzee wa mhusika wa Ingrid Bergman, na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Ilikwenda kwa James Dunn. Itazameni bila sauti. Mikono yake haiachi kufanya vijishughuli vidogo, lakini mtu aliye ndani ametulia na anatazama. Ni Skid wa Vienna kwa mara ya pili.

Mwaka 1946 aliongoza tena Inspekta wa Gogol kwa Actors' Lab, kundi la maigizo la Hollywood. Kwa hiyo tamthilia ileile ameikuta Moscow, Kaunas na Hollywood. Alifundisha hadi mwisho. Anthony Quinn, Jack Palance na Marilyn Monroe walipita kwake. Alifariki Septemba 1955.

mchekeshaji_kimya

Kitabu chake nianze na kipi? Naona matoleo mengi yanachanganya.

Bi_Mswada

Yanachanganya kwa sababu yenyewe ni matokeo ya uhamiaji. Alikuwa na mswada wa Kiingereza wa 1942 uliokosa mchapishaji. Akaandika upya kwa Kirusi, akaugharamia mwenyewe 1946. To the Actor ya 1953 ndiyo iliyotoka kwa mchapishaji mkubwa, lakini ilihaririwa sana, na mambo ya Steiner yakafifishwa. Ule mswada wa 1942 ukachapishwa 1991 kwa jina On the Technique of Acting. Toleo la 2002 la To the Actor limeongezewa sura ya ishara ya kisaikolojia kutoka ile ya Kirusi.

Ushauri: kwa mazoezi, chukua la 2002. Kwa kuelewa anachowaza, la 1991. Ukiwa mwongozaji nenda moja kwa moja kwenye sura ya utunzi wa onyesho, ambapo anaikata King Lear katika sehemu tatu na kudai kwamba mwanzo na mwisho viwe kinyume kwa kila kitu: mwendo, atmosfera, hata ukimya wa kwanza na wa mwisho. Ukishaona kinyume hicho, sehemu ya kati inajipanga kama safari kati ya nguzo mbili.

mpokeaji_mstari

Nimefuatilia kimya. Swali la vitendo: mtu amepewa nafasi katika lugha ambayo si yake. Anatumiaje haya? Sitaki nadharia.

Kitovu

Usianze na kukariri. Ukikariri kwanza, unakariri pia woga wa kukosea matamshi, na woga huo unakaa kwenye mistari hadi siku ya onyesho.

Siku za mwanzo fanya tukio zima bila neno hata moja: atmosfera, kitovu, ishara. Baadaye lisemee kwa lugha yako mwenyewe, kwa maneno ya papo hapo, bila kufuata mswada. Ndipo lete mistari, michache kwa siku, kila sentensi ikiwa na kitenzi chake. Anza na mpira kama wa Hamlet: neno linatoka mpira unapotoka mkononi, si kabla, si baada. Ukiona mpira unatua na sentensi bado haijaisha, hujajua sentensi inaelekea wapi, na hilo ni tatizo la maana, wala si la matamshi.

Halafu kuna irabu. Chekhov alifundisha mwendo wa sauti wa Steiner, ambapo kila sauti ina umbo lake mwilini. A ni mikono inayofunguka, mshangao. U ni mikono miwili sambamba ikinyooka mbele, mwili unabanana kama wenye baridi. O ni kuzungusha mikono kama unayekumbatia. I ni kunyooka, mimi hapa. E ni kupishanisha, kujikinga. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati, maana ndizo irabu zetu tano hasa. Chukua sentensi ngumu ya lugha ngeni, toa konsonanti zote, imba irabu zake tu huku mwili ukifanya maumbo. Kisha rudisha konsonanti moja moja.

mpokeaji_mstari

Na lugha ikiwa na irabu ambazo hatuna?

Kitovu

Itafute kati ya maumbo mawili. Ile iliyo katikati ya A na E, mikono imeanza kufunguka na tayari inataka kupishana. Mwili ukipajua mahali hapo, mdomo unafuata kwa urahisi zaidi. Ukigoma, rudi kwenye mpira.